Fundi wa Saa Tisa Usiku

Nilikuwa nikijua kwamba anafikiri kwa kuusikia mguu wake. Meza niliyompa ilikuwa ya cherehani ya marehemu mama, Singer ya kukanyaga, ile ambayo kichwa chake hukunjwa kikaingia ndani na juu pakabaki ubao mtupu. Kipakatalishi kilikaa juu ya ubao, na huko chini mguu wake wa kulia ukalipata kanyagio. Mwenyewe hakuwa na habari. Alipokuwa akiandika tu, kanyagio lilitulia. Alipokwama, lilianza: kri, kri, kri, chuma kikavu kikisuguana na chuma, polepole kwanza, kisha mbio, kisha kimya cha ghafla. Nikisikia kimya hicho, niko jikoni au nimekaa na kofia yangu mkononi, najua kuna kitu amekipata, au amegundua kwamba alichodhani amekipata sicho.

Huyu ni mtoto wa kaka yangu, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya Nairobi. Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe, na wanaoweza kufanyia kazi nyumbani wakaambiwa wabaki majumbani. Wiki hiyo hiyo akapanda treni kuja kwangu Mombasa, Mji wa Kale, na begi moja. "Wiki mbili tu, shangazi," akaniambia mlangoni, kabla hata ya shikamoo. Mwisho wa Machi ikaja kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili ilipoingia Nairobi ikafungwa, Mombasa ikafungwa siku mbili baadaye, na treni ya abiria ikasimama. Wiki mbili zikawa karibu miezi minne.

Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi hadi nikastaafu, na tangu usichana nashona kofia za viua. Kazi ya mwanangu huyu niliijua kwa jina. Miezi ile niliitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mama akishona: kwa kukaa karibu na kunyamaza.

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuhusu programu hata kidogo. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Zilijengwa hivyo zizuie joto, na ukuta unaozuia joto kwa namna ile huzuia waifai pia. Ruta ikiwa ukumbini, chumba cha nyuma ni kama kiko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Mtu mwingine angehamisha ruta huku na huku akilalamika. Yeye alichukua karatasi, akachora ramani ya nyumba nzima, vyumba na milango na ngazi, kisha akatembea na simu mkononi akisimama kila pembe na kuandika namba ya nguvu ya mawimbi pale pale kwenye ramani. Ilimchukua alasiri nzima. Alipomaliza, nyumba niliyozaliwa ndani yake niliiona upya: mawimbi yalikuwa yakipanda ngazi na kugeuka mlangoni kama watu, kwa sababu ukutani hayakuwa na njia. Ruta ikatundikwa juu ya ngazi, meza ya cherehani ikawekwa karibu na dirisha la roshani, na tangu hapo hatukuwa na tatizo ila stima ilipokatika. Karatasi ile bado ninayo. Haina namba hata moja ya kukisia.

Siku yake ilikuwa na mpangilio. Saa tatu asubuhi, mkutano wa kwenye video na wenzake, kila mmoja akisema jana alifanya nini, leo anafanya nini, na amekwama wapi. Mkutano hauzidi robo saa. Kisha kimya. Nilikuwa nimedhani kuandika programu ni kuandika, kama jina linavyosema. Siku nilizokaa naye tangu asubuhi hadi alasiri niliona kwamba vidole vyake viligusa kibodi kwa muda mfupi sana. Sehemu kubwa ya siku alikuwa akisoma. Anasoma alichoandika mwenzake mwaka juzi, anarudi nyuma, anafungua faili nyingine, anasoma, anaandika neno kwenye daftari, anarudi pale pale. Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote ya kazi na sijapata kuona mtu mzima anayesoma kwa makini namna ile, akijua kwamba kila herufi ina kazi na kwamba nukta moja ikikosa mahali pake mambo yote hayaendi.

Wiki ya kwanza tu alipata kazi ambayo mimi ningeiona ndogo. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imetangaza tarehe 16 Machi kwamba kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 kutakuwa bure, na kwamba kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kitapanda kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000, ili watu wapunguze kushikashika noti. Kwetu sisi ilikuwa nafuu. Kwa walioandika programu zinazopokea malipo, ilikuwa namba iliyozeeka usiku mmoja. Katika programu ya kampuni yake, 70,000 ilikuwa imeandikwa mahali 11. Kompyuta inaweza kubadilisha zote 11 kwa kubonyeza mara moja, na nilimuuliza kwa nini habonyezi.

"Sijui kama zote ni moja, shangazi."

Akazisoma zote 11, kila moja na mistari iliyoizunguka. Tisa zilikuwa ile ya Benki Kuu. Mbili hazikuwa. Zile mbili zilikuwa kiwango cha deni ambalo mwenye duka anaruhusiwa kubeba kabla ya kunyimwa bidhaa, na zilifanana na zile tisa kwa bahati tu. Angebonyeza, kila mwenye duka angeamka asubuhi ameruhusiwa kukopa zaidi ya mara mbili, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Nilimwelewa papo hapo, kwa sababu darasani nilikuwa nikiwafundisha neno paa: paa la nyumba, paa wa mwituni, ndege kupaa, kupaa samaki magamba. Sura moja, watu wanne. Zile tisa akazitoa zote, akaiandika namba mara moja tu mahali pamoja, akaipa jina, na kila palipokuwa na namba akaweka jina. Siku Benki Kuu ikibadilisha tena, atagusa mstari mmoja. Zile mbili nazo akazipa jina lao, ili atakayekuja asizichanganye. Kazi ilimchukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Aliyemwona kutoka nje angesema amebadilisha namba.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu kofia, kwani ndiyo elimu niliyokuwa nayo ya kumwelewa. Kofia ya viua hushonwa kwa mkono, aghalabu uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Pambo lake ni vitundu. Kila kitundu, ndicho kiua, hutobolewa kisha kikazungushiwa uzi pembeni ili kisifumuke, na kofia moja ina mamia kwa mamia ya vitundu hivyo. Mchoro huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi. Kuna utosi, duara la juu, na kuna ukanda unaozunguka kichwa, na ukanda huo mwishowe ncha zake mbili hukutana. Hapo ndipo unapojulikana. Ukikosea hesabu ya viua, hutajua siku uliyokosea. Utajua wiki tatu baadaye, ncha zinapokutana na ua la huku halifiki kwenye ua la kule. Anayejifunza hulazimisha pale pale zinapokutana: huongeza kiua, hubana uzi, hujaribu kulificha kosa kwenye mshono. Kofia hiyo ukiivaa inapinda. Mama alinifundisha kwamba kosa linaonekana kwenye mshono lakini halikuzaliwa kwenye mshono. Unarudi, kiua kwa kiua, hadi ulipozaliwa upotovu, na kuanzia hapo unafumua. Kufumua kunauma. Nimewahi kufumua kazi ya siku 20 nikilia.

Basi Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa, tarawehe tunasali sebuleni, yeye imamu na mimi safu ya nyuma. Tarehe 6 Mei serikali ikaamuru Mji wa Kale ufungwe kabisa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi; asiyekuwa ndani haingii, aliye ndani hatoki. Zilikuwa siku 15, zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Mabaraza yote yakawa mawe matupu. Sijawahi kuusikia Mji wa Kale ukiwa kimya namna ile katika mwezi ambao kwa kawaida usiku wake ndio mchana. Yeye alihamishia kazi yake nzito usiku, baada ya futari, na mimi nikakaa naye na sindano yangu hadi daku. Ndipo nilipoiona kazi ambayo sitaisahau.

Kampuni yake ina programu inayotumiwa na maghala ya bidhaa za jumla: unga, mafuta ya kupikia, maziwa ya pakiti, sabuni. Mwenye duka huagiza kwa simu, ghala linapakia, lori linapeleka, na kila asubuhi programu humpa mhasibu hesabu ya jana. Mapema mwezi Mei mhasibu wa ghala moja alilalamika kwamba jana yake haitulii. Anafunga hesabu ya Jumatatu usiku, katoni 412 zimetoka. Anaifungua Jumanne asubuhi, Jumatatu ile ile inasema 530. Hakuna aliyegusa kitu. Katoni 118 zimeongezeka katika siku iliyokwisha.

Wenzake, kwa haraka ya kumtuliza mteja, walipendekeza hesabu ifungwe kwa nguvu saa sita usiku, isiruhusiwe kubadilika tena. Nilimsikia akisema kwenye mkutano, kwa upole, kwamba hesabu isiyobadilika si lazima iwe hesabu ya kweli. Nilitabasamu peke yangu. Walikuwa wakitaka kuubana uzi kwenye mshono.

Kwa siku tatu hakuandika hata mstari mmoja. Alichukua maagizo 200 ya ghala lile akayapanga kwenye daftari, upande huu saa ya kupakiwa, upande huu tarehe ambayo programu iliyapa. Kanyagio lilikuwa likilia hadi saa nane usiku. Siku ya pili akampigia simu mhasibu. Nilisikia swali lake na nikaliweka moyoni, kwa sababu hakumuuliza kilichoharibika. Alimuuliza: "Niambie, kaka, siku hizi mnafanyaje kazi, kuanzia magharibi hadi alfajiri?"

Na mtu yule akasimulia. Kabla ya kafyu ghala lilikuwa likifungwa saa mbili usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Sasa malori ya chakula yameruhusiwa kutembea usiku, lakini wapakiaji hawawezi kwenda nyumbani na kurudi. Kwa hiyo baadhi yao wanalala ghalani, na mzigo unapakiwa usiku wa manane ili lori litoke mapema. Alipoishusha simu alikaa kimya, na kanyagio nalo kimya.

Usiku uliofuata akafungua orodha ya ghala ikiwa inaingia moja kwa moja, mzigo baada ya mzigo, tunaitazama. Ilikuwa Jumatano. Saa sita ikagonga na kupita. Kwa serikali, kwa benki, kwa simu iliyokuwa mezani, Alhamisi ilikuwa imeingia. Kwenye orodha mizigo iliendelea kuja, na kila mmoja ukiandikwa Jumatano. Saa saba, Jumatano. Saa nane na nusu, Jumatano. Nikaenda jikoni kupasha daku. Nikasikia ananiita.

"Shangazi, njoo uone siku inavyozaliwa."

Saa tisa kamili usiku, mzigo uliofuata uliandikwa Alhamisi.

Alinieleza huku tunakula. Kompyuta nyingi ndani kwa ndani hazijui siku. Zinahesabu sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, na mengine yote, mwezi, tarehe, Jumatano, ni tafsiri ya hesabu hiyo. Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Usiku wa manane wa kule ni saa tisa usiku hapa. Mahali fulani katika programu, aliyetafsiri sekunde kuwa siku alikuwa ametafsiri kwa usiku wa Greenwich badala ya usiku wa Mombasa. Kosa hilo lilikuwa limelala humo kwa miaka. Hakuna aliyeliona, kwani baina ya saa sita na saa tisa usiku hakuna aliyekuwa akipakia unga. Kafyu ndiyo iliyowapeleka watu kwenye saa zile, na hapo ncha mbili za ukanda zikakutana.

Watu wa kazi yake kosa kama hilo huliita mdudu. Mwaka 1947 huko Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine yao kubwa ya kukokotoa, wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu, na daftari lile limehifadhiwa hadi leo. Jina lilikuwapo hata kabla ya nondo yule. Nilipenda kusikia hivyo, lakini nilipenda zaidi kwamba mdudu wake yeye hakuwa na mwili. Alikuwa saa tatu za giza.

Nilidhani kwamba hapo kazi imekwisha. Aliniuliza swali lililonionyesha kwamba kwake ndiyo inaanza. "Kwako wewe, shangazi, mtu akipakia mzigo saa saba usiku, ni wa leo au wa jana?"

Nikamwambia inategemea unamuuliza nani. Kwa serikali siku huanza saa sita usiku. Kwa dini yetu huanza magharibi, na ndiyo sababu tarawehe ya kwanza husaliwa kabla hujafunga hata siku moja. Na kwa saa zetu za Kiswahili tunaanza kuhesabu upya jua linapochomoza. Mtu akisema saa moja, jua lina umri wa saa moja. Tunaishi na mianzo mitatu ya siku na hatugongani, kwa sababu kila mmoja anajua ni wakati gani wa kutumia upi. Akaiandika yote mitatu. Hakufanya hivyo kwa kunipendeza. Asubuhi aliyapigia simu maghala matatu na kuuliza swali lile lile, na majibu hayakufanana: mawili yakasema saa sita usiku, la tatu likasema siku yao inafungwa saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku inapoondoka. Kama angerekebisha kwa saa sita ya Mombasa na kunyamaza, angemwachia mtu wa ghala la tatu kosa lingine lisiloonekana.

Kisha akaanza kuandika, na hapa tena niliona kitu. Aliandika majaribio kwanza, kabla ya marekebisho yenyewe. Mzigo wa saa sita kamili usiku, unatakiwa uwe wa siku gani? Wa dakika moja kabla ya saa sita? Wa saa nane na dakika 59? Wa saa tisa kamili? Ghala la alfajiri, dakika moja kabla ya saa kumi na moja? Akayaendesha, na yale aliyotaka yashindwe yakashindwa, mistari myekundu kwenye skrini. Alifurahi yaliposhindwa. Jaribio lisiloweza kulinasa kosa unalolijua, alisema, haliwezi kulinasa usilolijua. Ni kama mchoro wa kalamu ya risasi: unaonyesha uzi utakapopita kabla uzi haujapita, na ukitoka nje ya mchoro unajiona.

Saa za mahali hakuzikokotoa mwenyewe. Kuna orodha ya saa za dunia nzima ambayo Mmarekani Arthur David Olson aliianzisha katika miaka ya 1980, na mwenzake Paul Eggert ameitunza kwa miaka mingi, na imo ndani ya simu na kompyuta nyingi tunazozishika bila kujua. Humo sisi tumeandikwa chini ya jina Africa/Nairobi. Akanifungulia nione. Wamehifadhi hata saa za zamani za ukoloni, miaka ambayo Kenya ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Dakika 45! Kuna mtu aliyekaa akatafuta saa za miaka ile, akaziandika kwenye orodha hiyo, ili hesabu ya siku moja ya kale isipotoke. Nilikaa nikiyatazama maneno yale machache na nikahisi heshima kwa watu nisiowajua.

Marekebisho yalipokamilika alikuwa amefuta mistari 14 na kuongeza 5, mbali na majaribio. Usiku nne kwa mistari mitano. Na hakuna hesabu ya nyuma iliyopotea, kwa sababu sekunde zenyewe zilikuwa zimeandikwa sawasawa tangu awali. Kilichokosewa ni tafsiri. Alipoendesha majaribio mara ya mwisho, mistari yote ikawa ya kijani, na mimi nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Wanatumia chombo kiitwacho Git, kilichotengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, ambacho huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na maelezo yake. Ukitaka, unauliza mstari wowote ni wa nani, na unajibiwa. Aliuliza mstari wa usiku wa Greenwich ni wa nani. Ulikuwa wa mtu aliyekwishaacha kazi. Nilingoja maneno, kwani nawajua mafundi: fundi wa pili hupenda kumsema wa kwanza. Yeye aliandika maelezo ya badiliko lake, akanisomea. Yalisema programu ilikuwa sahihi kwa saa za kazi za wakati ule, na kwamba saa za kazi zimebadilika kwa sababu ya kafyu. Kwa yule mtu hapakuwa na neno zaidi.

Kabla ya kuwekwa kazini, kazi ile ilisomwa na mwenzake aliyeko Nairobi. Huo ni utaratibu wao. Hata bingwa hukaguliwa. Mwenzake hakupata kosa ila jina. Alisema jina alilolipa ule mwanzo wa siku halisemi mwanzo wa siku ya nani. Nusu saa nzima wakabishana juu ya jina, wakicheka, wakitupa maneno, hadi wakapata lililosema kwamba ni siku ya ghala. Majina yote yalikuwa ya Kiingereza, kama lugha zote wanazozitumia, na nakiri hilo liliniuma: lugha yenye tarehe, siku, usiku wa kuamkia, na mchana kutwa, inayojua kuutenganisha usiku wa Ijumaa na Ijumaa usiku, haikuwa na kiti katika mjadala ambao ingeufaa sana. Lakini uangalifu wenyewe niliutambua. Nimewaona washairi wakigombania neno moja namna ile, na sijaona wengine.

Marekebisho yaliingia kazini Jumapili usiku. Saa sita ikapita, na mzigo wa kwanza ukaandikwa Jumatatu. Alikaa hadi saa tisa, kuhakikisha kwamba saa tisa hapatokei kitu. Hapakutokea. Akasali, akala daku, akalala.

Tarehe 7 Julai barabara za Nairobi na Mombasa zilifunguliwa, na baada ya siku chache akaondoka kwa basi, begi lile lile moja, barakoa niliyomshonea usoni. Jioni niliinua kichwa cha cherehani, nilikuwa na mapazia ya kupinda. Kabla ya kuvisha mkanda niliweka mguu kwenye kanyagio ili nilijaribu. Mwezi wa Machi lilikuwa limekauka kiasi cha kusikika hadi uchochoroni, na mafuta sikuwahi kulitia. Nikalikanyaga mara moja, mara mbili, kisha kwa mwendo. Gurudumu lilizunguka, na halikulia.